Namna ya Kumshika Mkono Mhudumu wa Kliniki ya Watoto

Msimamizi akiingia kituoni na kuelekea moja kwa moja kwenye rejista, nesi hujua amekuja kukagua, na kuanzia hapo ataonyeshwa yale mazuri tu. Anayetaka kweli kumsaidia mhudumu wa watoto akae naye pale mtoto anapopimwa. Semina ya hotelini ina faida yake, lakini mazoea ya mkono hubadilikia mezani, mtoto analia na foleni imefika mlangoni. Haya ni ya wasimamizi, maafisa wa kliniki wazoefu na wauguzi wa watoto wanaozungukia zahanati za Mombasa: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu.

Piga simu mapema uulize siku gani watoto ni wengi, kisha nenda siku hiyo hiyo. Ukitoka kisiwani kwenda Likoni, hesabu na muda wa feri. Ukifika saa tano utakuta kina mama wamekwisha kurudi nyumbani. Beba betri za mizani, saa inayoonyesha sekunde, utepe wa kupimia mkono (kuona utapiamlo), kipima oksijeni ya damu chenye kishikio cha watoto, na pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili. Unga ni wa kujaribia mizani: hakikisha inasoma sifuri, weka pakiti zote mbili, isome kilo 4. Ikikosea kwa zaidi ya gramu 100, itengenezwe kabla hamjazungumzia dawa, maana dozi hufuata uzito na mizani mbovu humfanya nesi makini akosee siku nzima bila kujua.

Watazame watoto watatu wa kwanza bila kusema neno. Ukimya huu ni mgumu kwa mtu mzoefu, na ndio utakaokuonyesha kazi inavyofanyika ukiwa haupo. Vunja kimya kwa hatari tu: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, mwenye degedege, au aliyelegea asiyeamka vizuri. Hapo sema, "Sista, huyu tumwone pamoja kwanza." Usimsahihishe mbele ya mama kwa namna ya kumvunjia heshima, kesho mama huyo atakuwa mbele ya nesi yule yule, naye anapaswa kumwamini. Dozi ikiwa na kosa, isahihishwe kabla mama hajatoka, kwa sauti ya chini, kalamu mkononi.

Baada ya hapo chagua jambo moja la kurekebisha. Ukitaja mambo saba, hakuna hata moja litakaloshika. Mara nyingi linalofaa kuanza nalo ni kuhesabu pumzi, kwa kuwa nimonia hutambuliwa hapo na wengi hulikata njiani.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kwa sekunde 30 kisha kuzidisha mara mbili. Kosa la pumzi moja huwa mawili, na mtoto wa miezi 8 anayepumua mara 48 huandikwa 50, akapewa antibiotiki asiyoihitaji. Mipaka ya pumzi za kasi ni hii: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, miezi 12 hadi 59, 40 au zaidi. Hesabuni dakika nzima. Mtoto abaki kwenye mapaja ya mama, ametulia, nguo imepandishwa hadi kifua na tumbo vyote vionekane. Akiwa ananyonya au analia, subirini. Nesi ahesabu, nawe uhesabu kimyakimya upande wa pili, kisha kila mmoja aandike namba yake kabla ya kuitaja. Zikipishana kwa zaidi ya tatu au nne, rudieni. Kisha tazameni sehemu ya chini ya kifua: mtoto anapovuta pumzi, inabonyea ndani? Fulana isipopandishwa, dalili hii haionekani.

Kipima oksijeni nacho kina mitego yake. Kishikio cha mtu mzima huteleza kwenye kidole cha mtoto mchanga na kutoa namba ya kubahatisha. Tumieni cha watoto, kwenye kidole gumba cha mguu. Baada ya harusi na sikukuu, wasichana wetu huwa na piko, rangi ya kujipamba, vidoleni, na piko nyeusi inaweza kuzuia mwanga wa kipimo. Tafuteni kidole kisichopakwa. Subirini mapigo yatulie kabla ya kuisoma namba. Chini ya asilimia 90, mtoto apewe oksijeni na rufaa ianze, hata kama anaonekana mchangamfu.

Kwenye friji la chanjo hamhitaji kukaa sana. Joto liwe kati ya nyuzi 2 na 8, lisomwe asubuhi na jioni, wikendi pia. Kwa joto letu la kaskazi watu huhofia chanjo kuungua, wakasahau kwamba pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano), ya nimonia na ya HPV (virusi vya saratani ya mlango wa kizazi) huharibiwa na kuganda. Ziangalieni zisiguse barafu, na vifurushi vya barafu vya sanduku viachwe nje hadi ukivitikisa usikie maji ndani.

Vijana ndio wanaosahauliwa zaidi. Msichana wa miaka 15 aliyevaa sare ya shule hawezi kueleza shida yake akiwa amekaa benchi moja na jirani ya mama yake. Msaidie mhudumu kupata saa maalumu, baada ya masomo au Jumamosi, na chumba ambacho sauti haivuki ukutani. Simameni nje mlango ukiwa umefungwa, mtu aongee ndani kwa sauti ya kawaida. Mkisikia maneno, chumba hicho hakifai.

Kisha mpe maneno ya kuanzia, kwa kuwa wengi hukwama hapo. Kwa mzazi: "Mama, vijana wote wa umri huu huzungumza nami peke yao kidogo, nitakuita baada ya dakika chache." Kwa kijana: "Tutakayozungumza ni yetu, isipokuwa kukiwa na hatari kwa uhai wako au wa mwingine, hapo nitakwambia kwanza kabla sijamwambia mtu." Maswali yaanzie mepesi yaelekee mazito: nyumbani, shule, kula, marafiki na michezo, vileo, mapenzi, mwisho huzuni na mawazo ya kujiua. Vileo viulizwe kwa majina ya mtaani, muguka, bangi, shisha, la sivyo jibu litakuwa "hapana" tupu. Kuhusu kujiua, mhudumu aulize waziwazi. Kuuliza hakupandi wazo hilo kichwani mwa kijana. Fanyeni mazoezi nyinyi wawili, wewe ukiwa kijana mkaidi, hadi maneno yamtoke bila kusita.

Ubakaji ukijitokeza, saa zinahesabika: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Ukutani, upande wa mhudumu, bandika namba ya daktari wa zamu na 116, simu ya msaada kwa watoto isiyolipiwa.

Mtoto akifia kituoni, mtafute mhudumu siku hiyo hiyo. Kwanza mtu mwingine ampokee mgonjwa anayefuata. Kaeni faragha dakika kumi au kumi na tano. Muulize anahitaji nini sasa, wala usimlazimishe kusimulia. Kikao cha kuchambua tatizo lilikuwa wapi kiitishwe siku nyingine, na kichunguze vifaa, rufaa na utaratibu kabla ya kumgeukia mtu. Wakivichanganya viwili hivi siku moja, wahudumu hujifunza kuficha. Usimpange peke yake usiku unaofuata, na baada ya wiki mbili muulize tena kuhusu usingizi, hasira na hamu ya kazi. Akiwa bado anaumia, mpeleke kwa mshauri nasaha asiye bosi wake.

Kuna msaada mwingine usiogharimu chochote na unaothaminiwa mno: habari za mtoto aliyepewa rufaa. Nesi wa Jomvu hupeleka mtoto hospitali ya rufaa ya Coast General, Makadara kama wengi wanavyoiita, asisikie tena. Piga simu wodini, uliza ugonjwa uligundulika kuwa nini na mtoto anaendeleaje, kisha umrudishie nesi jibu bila kulitangaza kwa wengine. Hapo ndipo anapojua kama jicho lake liliona sawa.

Kabla ya kuondoka andika ukurasa mmoja, nakala mbili, moja ibaki kituoni. Juu kabisa liwe lile jambo moja mlilokubaliana. Chini yake orodhesha ulivyoahidi wewe, kishikio cha watoto, betri, fomu, na jina lako pembeni pamoja na tarehe. Rudi baada ya wiki nne hivi, na uanze na orodha yako kabla hujauliza ya nesi.