Mizani Ikigoma, Shika Tepu: Maneno ya Fundi wa Nguo wa Kibokoni

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibokoni, Mombasa, si daktari. Lakini kazi yangu ni kupima viuno vya watu, na kwa miaka mingi nimeona miili ikinenepa, ikipungua na ikikwama. Msimu wa harusi ukikaribia, malalamiko hayabadiliki: "Fundi, sukari nimeacha, mahamri siyaonji, alfajiri natembea ufuoni Mama Ngina, na kilo mwanzo zilishuka. Sasa wiki ya ngapi hii, mizani haitingishiki." Mwingine huongeza kwa hasira kwamba bora arudi kwenye biriani yake, faida iko wapi?

Faida ipo. Ila kabla hujapunguza chakula zaidi, na kabla hujaongeza hata hatua moja, pima kwanza. Wengi wanaonijia wakilia kwamba wamekwama hawajakwama, na waliokwama kweli mara nyingi wanahangaika na kitu kisichohusika.

Hakikisha kama umekwama

Mizani haipimi mafuta ya mwili peke yake. Inapima maji, choo na chakula kilicho tumboni. Na ya wale wanaopimisha kando ya barabara inapima mpaka viatu, mkoba na buibui lako. Ukila ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) au achari ya chumvi jioni, mwili hushikilia maji, na kesho yake unaweza kuonekana umepanda kilo nzima bila kunenepa hata kidogo. Siku za kukaribia hedhi ni vivyo hivyo. Ukianza mazoezi mapya, misuli iliyochoka nayo huvuta maji ya kujitengenezea, basi mafuta yanapungua huku mizani imenyamaza.

Na zile kilo za mwanzo zilizoshuka mbio? Nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza kula, akiba hutumika, maji hutoka, nawe unashangilia. Akiba ikishapungua, mbio hukatika. Hapo hakuna kilichoharibika.

Jipime asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, kwa mizani ile ile, juu ya sakafu tupu na si juu ya mkeka wala zulia. Andika. Ukijipima kila siku, tazama wastani wa wiki, siku moja isikupandishe presha. Kisha kila baada ya wiki mbili, chukua tepu.

Tepu ina adabu zake. Kiuno cha gauni si kiuno cha daktari. Mimi nikikushonea napima pale panapoingia ndani, ili nguo ikae. Ukipima afya, papasa ubavu wa mwisho chini, papasa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, upime katikati yake. Simama wima, toa pumzi kawaida bila kubana tumbo, tepu iguse ngozi bila kuikaba, na nyuma isishuke (hapo ndipo wengi huharibu, basi simama mbele ya kioo au mwite mtu akuangalizie). Pima mara mbili. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kwa mwanamke hatari ya maradhi huanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kikipita 88. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Kwa hesabu zetu za mafundi, 88 ni karibu inchi 35, na 102 ni inchi 40.

Nina mteja wa Majengo aliyekuja amenuna, mizani haijasogea tangu alivyojipima mara ya mwisho. Nikamvisha gauni lake la zamani, nikalazimika kulibana pembeni pande zote mbili. Huyo hakukwama, alikuwa akibadilisha mafuta kwa misuli. Lakini kama mizani na tepu vyote vimesimama kwa wiki nne au zaidi, basi kweli umekwama.

Mwili mdogo, posho ndogo

Mtaalamu wa lishe aliyenikalisha kitako alinieleza jambo ambalo fundi hulielewa upesi: gauni ulilokatiwa ukiwa na kilo 90 halikukai ukiwa na 80, na sahani ni hivyo hivyo. Mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kupumua, kutembea, hata kulala. Juu ya hilo, mwili ukiona umepungua huanza kubana matumizi yake wenyewe, homoni za njaa zikapanda na za shibe zikashuka. Chakula kile kile kilichokupunguza mwanzoni sasa kinakutosha tu. Watu wengi hufika hapo karibu na mwezi wa sita tangu waanze, wakiwa wameshachoka na kuanza kuonja onja bila kujijua. Sababu hizo mbili huja pamoja, na hiyo ya pili, ya kuonja onja, ndiyo rahisi kuishika.

Funua sufuria

Hapa ndipo penye mambo, hasa kwetu Pwani. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na sisi hatupimi kwa kijiko, twamimina. Mtu atakwambia ameacha wali, kumbe anakula mchicha unaoogelea. Wali hauna hatia kubwa hivyo.

Kwa wiki moja, pima mafuta kwa kijiko kabla hayajaingia sufuriani. Chupa ya mafuta nayo iandike tarehe siku unapoifungua, uone inaisha lini na nyumba ina walaji wangapi. Lita moja ina zaidi ya kalori 8,000. Gawanya hesabu hiyo kwa vichwa na kwa siku, halafu ndipo uniambie habari ya kipande cha mkate.

Sikwambii uache nazi, nani ataishi Mombasa bila nazi? Kasimile, lile tui zito la kwanza, iweke kando. Pikia wali na mbaazi kwa tui la pili na la tatu, kisha wakati wa kuepua utie vijiko viwili vya kasimile juu, na harufu yote itakuwepo. Samaki mchome makaani badala ya kumkaanga, kisha mpake tui mara moja tu. Viazi karai na bhajia viwe vya siku maalumu, na siku hiyo uvile kwa raha zako.

Chai ni mwizi mwingine. Vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, yaani gramu 48 hivi za sukari, karibu kalori 190, kabla hata ya maziwa. Punguza kijiko kimoja, ukae wiki mbili ulimi uzoee, ndipo upunguze cha pili. Juisi ya miwa, hata ikiwa na tangawizi na ndimu, ni sukari ya kunywa.

Halafu sinia. Kula pamoja ni heshima na mimi siachi, lakini kwenye sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na bi mkubwa anakusogezea minofu na kukuambia "kula, mwanangu, mbona hushiki?" Ninavyofanya: naanza na kachumbari na samaki, wali nakula ulio upande wangu tu, na nikishiba mkono naosha mapema. Ukibaki umekaa mkono ukiwa mchafu, utaendelea kudokoa. Na ukoko wa pilau unaoukwangua jikoni peke yako, huo nao uandike. Mabaki ya sahani za watoto yaandike. Kuonja chumvi mara nne ni tonge.

Daftari la wiki moja latosha. Huna haja ya kuwa karani wa tumbo lako maisha yote; unatafuta tu pale panapovuja.

Ukishapaona, kata kitu kimoja kinacholingana na kalori 200 au 300 kwa siku, halafu subiri wiki tatu uone tepu inasema nini. Usikate vitano kwa pamoja, hutajua kilichokusaidia. Na usijishindishe njaa: mwanamke akishuka chini ya kalori 1,200 kwa siku bila mtaalamu kumsimamia anatafuta udhaifu, na misuli ndiyo inayoliwa. Protini ndiyo inayokulinda hapo, nayo inashibisha. Wataalamu wengi husema gramu 1.2 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku kwa anayepunguza uzito akiwa na figo nzima. Yai lina kama gramu 6, gramu 100 za samaki aliyepikwa zina 20 na zaidi. Pojo, kunde na mbaazi zina kidogo kuliko samaki, lakini hazikaushi mfuko, na soko la Kongowea hazikosekani.

Ramadhani yastahili neno lake. Watu hufunga mwezi mzima wakatoka na uzito ule ule au zaidi, kwa sababu futari ni kaimati, sambusa, viazi vya nazi, tambi za sukari na mkate wa sinia, vyote usiku mmoja. Fungua kwa tende na maji, swali Magharibi, kisha ndipo ukae kula. Kwenye meza chagua cha kukaanga kimoja. Tarawehe nenda kwa miguu kama msikiti u karibu.

Mazoezi: usiongeze tu kilomita

Mtu wa kilo 75 akitembea nusu saa kwa mwendo wa haraka hutumia kalori 130 hivi. Rudi juu ukatazame kijiko cha mafuta. Ndiyo maana anayetembea ufuoni kisha akajipongeza kwa muhogo wa kukaanga wa pilipili na ndimu hatoki alipo. Kutembea kuna faida tele kwa moyo, sukari na usingizi, na ndiko kunakosaidia sana kilo zisirudi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na 300 kwa mwenye kuweza, na kazi ya misuli siku mbili au zaidi.

Hiyo ya misuli ndiyo kina mama wetu huiruka. Hakuna haja ya jimu. Dumu la lita 5 la maji ni kilo 5: mawili, moja kila mkono, inua polepole. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kushika, mara 10, pumzika, rudia. Sukuma ukuta. Panda ngazi za ghorofa zako ukiwa na mzigo wa sokoni. Fanya alfajiri au baada ya Alasiri, jua la Kaskazi si la kushindana nalo. Na kama kazi yako ni ya kukaa kama yangu ya cherehani, inuka kila saa. Mimi vitambaa navikata nikiwa nimesimama.

Usingizi: muda wa saa saba kila usiku. Anayelala muda wa saa nne tu kwa kushika simu huamka na njaa ya vitu vitamu, wala si uroho.

Wakati wa kwenda hospitali

Ukiwa umefanya haya na bado hakuna kitu, au umekwama ukiwa na uchovu mkubwa, baridi isiyo ya kawaida, nywele kukatika, hedhi kuruka au ndevu kuota kidevuni, nenda ukapimwe. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole uzito hupanda, na kipimo chake ni cha damu tu. Tatizo la homoni linalogusa vifuko vya mayai ya uzazi (PCOS) nalo laweza kuwa sababu. Dawa pia: sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, insulini, prednisoloni, na baadhi ya dawa za kifafa na za msongo. Usiziache mwenyewe, uliza kama kuna mbadala. Mwenye kisukari anayetumia dawa asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wake, sukari yaweza kushuka ghafla.

Vidonge na majani ya kupunguza tumbo yanayouzwa bila maelezo, achana nayo. Mengi huharisha tu, ukapoteza maji. Mengine yamewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo.

Na kama hapo ndipo pa kukaa?

Aliyetoka kilo 90 akafika 82 amepungua karibu sehemu moja ya kumi, na kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 tayari husaidia presha na sukari. Unaweza kuamua kutulia hapo miezi miwili mitatu, ule kiasi cha kutopanda wala kushuka, kisha uendelee ukiwa na nguvu. Jirani atakuuliza mbona umekonda, unaumwa? Mwambie alhamdulillahi, mzima, na umpe habari nyingine.

Nguo usiilete kubanwa kila kilo ikishuka. Subiri tepu isome namba moja kwa miezi miwili, ndipo uje. Mshono ukifumuliwa mara tatu kitambaa huchakaa, hasa cha leso na hariri. Nami kwa anayepungua siukati ukingo wa ndani wa mshono: naacha inchi nzima kila upande, na bei ya kubana ni ile ile.