Mac, Windows au Linux kwa kazi ya video na picha Lubumbashi

Anza na programu, mashine itafuata. Ukihariri kwa Final Cut Pro au ukirekodi muziki kwa Logic Pro, umeshachagua: kwenye kompyuta, zote mbili ni za Mac tu. Photoshop na Premiere zinakubali Mac na Windows. DaVinci Resolve (ya kuhariri video) na Blender (ya 3D) zinakubali hata Linux, lakini Resolve ya bure kwenye Linux haifungui H.264 wala H.265, yaani karibu kila video inayotoka kwenye simu na kamera za kawaida. Itabidi uzigeuze kwanza kuwa DNxHR, muundo mzito wa video za kuhariri, na hapo dakika moja ya 1080p hufikia takriban GB 1.4. Kwa harusi ya saa sita, diski ndogo haitatosha.

Kisha piga hesabu ya umeme. Betri ya V 12, Ah 100, hubeba Wh (wati-saa) 1,200. Ile ya madini ya risasi (lead-acid) usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema; ukitoa na kinachopotea kwenye inverta, hubaki kama Wh 500. Kompyuta ya mezani inayovuta W 350 pamoja na skrini haifikishi saa moja na nusu. MacBook Air yenye chipu ya M1 huja na chaja ya W 30, hivyo betri hiyohiyo huivusha usiku mzima. Laptopu ya Windows yenye kadi ya picha ya NVIDIA iko katikati, ila ukichomoa chaja hujipunguzia nguvu, na kazi ya dakika ishirini huburuta.

Kwa hiyo mpiga video wa harusi anayehama kutoka komuni ya Kenya hadi ya Kamalondo, humuhumu Lubumbashi, achukue Mac ya M1 au mpya zaidi, yenye RAM ya GB 16. RAM hiyo haiongezwi baadaye. Ukinunua GB 8, video ya 4K yenye tabaka nyingi itakwama. Studio ya 3D yenye umeme wa uhakika ichukue Windows ya mezani, kwa kuwa kifaa kikiungua unabadilisha hicho tu. Linux inafaa mashine ya zamani, kwa Krita (ya kuchora) au Ardour (ya kurekodi sauti).

Unaponunua Mac iliyokwisha kutumika, mwambie muuzaji aifute mbele yako, uiwashe upya na uiunge na intaneti. Ikidai akaunti ya mwingine, usilipe hata kidogo: imefungwa na iCloud. Kwa Windows, pima afya ya SSD (diski ya ndani) kwa programu ya CrystalDiskInfo kabla ya kutoa dola.

Diski ya kupelekeana kazi ifomatiwe kwa mfumo wa faili wa exFAT. NTFS kwenye Mac husomeka bila kuandikika, na FAT32 hukataa faili linalozidi GB 4. Ila exFAT huharibika upesi umeme ukikatika katikati ya kunakili, kwa hiyo usifute kadi ya kamera mpaka nakala ya pili ifunguke.