Kabla lori halijatoka yadi: mambo ya kuzingatia kwa anayebeba au kuhifadhi mizigo ya hatari

Ukiitwa kubeba "dawa ya maji", yaani ya kusafishia maji, kwenda Tunduma, usitaje bei kabla hujapewa jina lake halisi. Dawa ya maji inaweza kuwa shabu, ambayo gunia likipasuka unaizoa kwa koleo na safari inaendelea. Inaweza pia kuwa klorini ya unga, na hiyo ikimwagikiwa mafuta ya breki huwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Mwenye mzigo atakutajia zote mbili kwa sauti ile ile.

Kwa hiyo dai karatasi ya usalama ya kemikali yenyewe, pamoja na namba yake ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne. Petroli ni 1203, dizeli 1202, gesi ya kupikia 1075, tindikali ya salfa 1830, sianidi ya sodiamu 1689. Ni zile zile Dar es Salaam, Ndola na Lubumbashi. Zimamoto asiyejua Kiswahili hata neno moja atazisoma, na huyo ndiye atakayezihitaji siku dereva wako amelala hajitambui.

Hapo ndipo kibao cha rangi ya chungwa, kinachobandikwa kwenye lori kikiwa na namba hiyo, kinapokuwa na maana. Kwenye yadi niliyoanzia kazi ya stoo kulikuwa na tela lililobeba tindikali safari moja, kisha likabeba saruji miezi kadhaa huku namba 1830 ikiwa bado nyuma. Nilipomuuliza dereva, alicheka: "Kaka, hicho kinanisaidia, bodaboda hawanibani." Wengine hufanya kinyume chake, wanang'oa kibao ili wasisimamishwe njiani. Yote mawili ni uongo, na wa kuulipia ni anayekuja kuokoa. Maji yakimiminwa kwenye tindikali kali, huchemka na kuirusha usoni. Petroli nayo huelea juu ya maji na moto ukasafiri nayo hadi mtaroni. Asiyejua kilichomo atashika mpira wa maji, kwa sababu ndicho alicho nacho.

Vibali sitavichambua. Kemikali zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, mafuta na gesi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nenda ukaulize mapema, foleni zao zina muda wake.

Ninalotaka tukae nalo ni tanki tupu. Watu huliogopa lililojaa, wakati tanki la petroli lililojaa halina hewa ya kutosha ndani kuwaka. Likishushwa mzigo, hewa inaingia na mvuke unabaki, na mchanganyiko huo ndio unaosubiri cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo haupandi juu ukapotea, unatulia chini ya tanki kama maji. Halafu siku ya pili tanki linapelekwa kwa fundi wa kuchomelea kwa sababu ngazi imekatika. Fundi ananusa kwenye mfuniko, anasema limekauka, anavaa miwani. Kabla ya kumruhusu kuwasha mashine, tanki lifukizwe kwa mvuke wa maji ya moto na lipimwe kwa kipima gesi, tena na mtu anayejua kukisoma. Pua haipimi. Kama garaji haina kipima gesi, peleka lori kwingine hata kama ni mbali.

Angalia pia nini kinakaa na nini. Sianidi ya kwenda migodini haipandi lori moja na tindikali, kwa kuwa zikikutana hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Mzigo wa kurudi nao una mambo yake: lori lililopeleka viuatilifu likapakia mahindi wakati wa kurudi, bila kuoshwa, ni jambo nimeliona kwa macho yangu. Na mahindi yenyewe mara nyingi yamewekewa vidonge vya kuua wadudu vya alumini fosfaidi. Vidonge hivyo vikipata unyevunyevu hutoa gesi ya fosfini. Utingo anayejilaza juu ya magunia chini ya turubai, au mlinzi anayelala chumba kinachopakana na stoo ya nafaka, anavuta sumu usiku kucha akidhani amepata sehemu yenye joto.

Dereva afundishwe dakika kumi za kwanza: kuzima injini, kukata swichi ya betri, kukaa upande unakotoka upepo, kuwasukuma watu mbali. Hili la mwisho ndilo gumu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu wakaja na madumu. Moto ukalipuka, na zaidi ya 100 walikufa. Sachangwan nchini Kenya mwaka 2009, na Sange huko Kivu Kusini mwaka 2010, ilikuwa hivyo hivyo. Waliokufa walilaumiwa kwa tamaa. Mimi naona wengi waliona mafuta yanayotiririka, hawakuuona mvuke uliokwisha wazingira miguuni. Dereva na utingo hawawezi kuzuia umati wa namna hiyo peke yao, kwa hiyo wapige simu 114 ya zimamoto na polisi kabla ya kumpigia tajiri. Mwambie tajiri alikubali hilo mapema.

Kwenye ghala, swali la kwanza ni tarehe ya mzigo kutoka. Amonia naitreti tani 2,750 ilifika bandari ya Beirut kwa meli mwaka 2013, ikaingizwa ghala namba 12, ikakaa humo hadi ilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020 na kuua watu zaidi ya 200. Jina lake lilijulikana na barua za kutaka iondolewe ziliandikwa. Mzigo haukuwa na mtu wa kuuondoa. Mteja asiyeweza kukwambia atauchukua lini, au anayeacha kulipa pango, usimwekee kitu cha hatari.

Gesi ya kupikia ndiyo inayokua haraka sasa. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi imejaa hadi vibanda vya vocha. Mtungi hujazwa kiasi cha asilimia 80 hadi 85 tu, ukae wima, maana vali ya usalama imewekwa kutoa gesi. Ukilazwa kwenye bodaboda itatoa kimiminika. Usiukubali ujazo wa uchochoroni. Embakasi, Nairobi, Februari 2024, gesi ililipukia katikati ya nyumba za watu. Betri za lithiamu za pikipiki za umeme nazo zimeanza kurundikwa stoo. Iliyovimba au kugongwa itolewe nje, mbali na ukuta, kwani ikizimwa inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.

Na ile namba ya simu iliyopakwa rangi kwenye mlango wa lori, ipigie kabla halijatoka. Yetu ilikuwa ya msimamizi aliyeacha kazi miaka miwili nyuma.