Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kustaafu, kwa Mfanyakazi wa Tanga Aliyevuka Miaka 50

Mfanyakazi aliyevuka miaka 50 huwa na hofu mbili ambazo mara nyingi huzichanganya: ya kustaafu, ambayo tarehe yake inajulikana, na ya kuondolewa kazini kabla ya tarehe hiyo, ambayo haina kalenda. Hii ya pili ndiyo inayotaka maandalizi zaidi, na wazee wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, walioshuhudia mashamba ya mkonge na viwanda vikipunguza watu hawahitaji kuelezwa sababu.

La kwanza kuzingatia ni idadi ya miezi ya michango, kwa kuwa umri peke yake hautoshi. Mwanachama anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na hulazimika kustaafu akifikisha 60, lakini ili apate pensheni ya kila mwezi ni lazima awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Anayeondolewa kazini akiwa na miaka 54 na michango 170 yuko mahali pabaya kuliko anavyodhani. Kwa hiyo taarifa ya michango iombwe mapema, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa wa sekta binafsi, kisha ilinganishwe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Mimi nilifanya hivyo nikiwa na miaka 53, nikakuta miezi 14 haipo, ingawa makato yalionekana kwenye kila hati. Mwajiri wangu wa wakati ule alisema kumbukumbu za miaka hiyo zilipotea. Kilichoniokoa ni bahasha ya kaki iliyokuwa ndani ya sanduku la mke wangu, chini ya kanga zake: hati zile wino ulikuwa umefifia, lakini ofisa wa mfuko alizisoma moja baada ya nyingine, akizitia alama kwa kalamu nyekundu, na mwajiri akaandikiwa kudaiwa.

Sambamba na hilo, majina na tarehe ya kuzaliwa vifanane kwenye kitambulisho cha taifa, barua ya ajira na kumbukumbu za mfuko. Herufi moja iliyozidi kwenye jina la baba inaweza kuchelewesha malipo, na kiapo cha kuirekebisha ni rahisi kukishughulikia mtu akiwa bado na mshahara.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, nacho kieleweke kabla ya kupanga matumizi. Idadi ya miezi ya michango hugawanywa kwa 580, kisha jibu huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, unaotokana na miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Aliyechangia miezi 360 kwa wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi anapata pensheni ya mwaka ya karibu shilingi 7,448,000. Mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa yote kwa mara moja, uliwekwa asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuupandisha hadi 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine. Kwa asilimia 35 ya pensheni ya mwaka, ikizidishwa kwa 12.5, mtu huyu huchukua mkupuo wa takriban shilingi milioni 32.6, na kila mwezi hubaki na kama shilingi 403,000. Hiyo 403,000 ndiyo ya kuipangia maisha. Mkupuo una ndugu wengi, na mwenye wazo la kununua bajaji tatu kwa mpigo aanze na moja angali kazini.

Kuhusu kupunguzwa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa umri, na inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kabla ya kumpunguza mtu. Kiinua mgongo cha kisheria, ambacho mwajiri humlipa anayemwondoa kazini, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, na hakilipwi kwa anayeondoka kwa kufikisha umri wa kustaafu. Kwa kuwa haki hizi ni za anayeondolewa na mwajiri, mtu anayewekewa mezani karatasi ya “kujiuzulu kwa hiari” asiitie sahihi siku ile ile; aende nayo nyumbani, amwoneshe kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Akiachishwa isivyo halali, ana siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi huzimaliza wakisubiri wito wa bosi.

Matarajio ya kazi baada ya hapo yapo, ila kwa kawaida ni ya mikataba mifupi. Upanuzi wa bandari ya Tanga na mradi wa bomba la mafuta linaloishia Chongoleani vimefanya mafundi umeme, wachomeleaji na madereva wa mitambo watafutwe, lakini anayeajiri huuliza cheti, na fundi aliyejifunza mikononi mwa mwenzake miaka 30 iliyopita hana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima na kurasimisha ujuzi wa namna hiyo. Vilevile, mwajiri anawajibika kisheria kumpa kila anayeondoka cheti cha utumishi. Kidaiwe kabla ya kukabidhi funguo na sare, na nakala yake iingie kwenye ile bahasha ya kaki.