Dozi ya magnesiamu kwenye rufaa: mama asichomwe mara mbili, wala asikose

Mwongozo huu ni wa timu mbili zinazomhudumia mama mmoja mwenye kifafa cha mimba: kituo cha afya kinachomwona kwanza, na wodi ya wazazi inayompokea. Kutoka Kaliua, Urambo au Sikonge hadi Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, ni safari ndefu, kwa hiyo dozi ya kwanza ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, hutolewa kabla gari halijaondoka. Wapokeaji wasipojua kilichotolewa, watarudia dozi nzima au watasubiri bila kutoa kitu. Yote mawili yanaweza kuua. Vipimo vilivyo hapa ni vya utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kuendelea na sindano za msuli.

1. Semeni gramu, msiseme ampuli

Magnesiamu salfeti ya asilimia 50 huja kwa ampuli za mililita 2 (gramu 1) na za mililita 10 (gramu 5). Aliyezoea zile ndogo akisema "mpe ampuli nne", naye mwenzake ameshika zile kubwa, mama atapewa gramu 20 badala ya 4. Kila shehena mpya ikifika, mfamasia na mkunga wasome lebo pamoja, kisha wabandike ukutani ni mililita ngapi zinazotoa gramu 4 na gramu 5.

2. Sanduku la dharura

Kwa ampuli kubwa, weka:

- magnesiamu ampuli 3 (dozi ya kwanza ni gramu 14, yaani mililita 28);
- maji ya sindano, ampuli 2 za mililita 10;
- lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2;
- bomba za sindano 3 za mililita 20. Za 10 hazitoshi, kwa sababu sindano ya msuli ikishachanganywa na lignokaini hufika mililita 11;
- kalsiamu glukoneti (kiuasumu cha magnesiamu) ya asilimia 10, mililita 10;
- katheta na mfuko wa mkojo, nyundo ya kupimia goti, na mfuko wa kupumulishia wenye barakoa yake.

Lifunge kwa plasta na uandike juu yake tarehe ya dawa itakayoisha muda mapema kuliko zote. Kalsiamu ikikosekana, mfamasia aambiwe siku hiyohiyo.

3. Kuchanganya, watu wawili

Sindano ya mshipa: vuta mililita 8 za dawa, ongeza maji mililita 12, upate mililita 20 za nguvu ya asilimia 20. Mpe polepole, isipungue dakika 5. Dawa ya asilimia 50 isiingie kwenye mshipa bila kuchanganywa. Inaweza kusimamisha pumzi na moyo.

Kisha gramu 5 kila tako, ndani kabisa ya msuli, kila moja na mililita 1 ya lignokaini. Pale ambapo hakuna awezaye kuchoma mshipa, toa hizi gramu 10 za msuli na umsafirishe mara moja.

Mhakiki, yaani yule mtu wa pili, asiambiwe jibu. Ukimuuliza "hizi ni mililita nane, sivyo?" ataitikia tu, hasa kama wewe ni mkubwa wake kazini. Mpe ampuli na umuulize: "Gramu nne hapa ni mililita ngapi?" Usiku ukiwa peke yako, mpigie simu daktari wa zamu, umsomee lebo neno kwa neno, yeye apige hesabu upande wake.

4. Barua na simu

Andika gramu, njia ya kutoa na saa ya kila sindano. Saa ndiyo inayoponza wengi. Tukisema "saa nne usiku", fomu inataka 22:00. Aliyesikia kwenye simu akiandika 4:00, ratiba yote imeharibika. Anayepokea simu arudie kwa sauti saa aliyoiandika, kwa mtindo wa saa 24. Ndugu anayemsindikiza naye aambiwe wazi: "Mgonjwa wako amechomwa sindano tatu, moja ya mshipa na mbili za makalio." Barua hulowa na hupotea, yeye atafika.

5. Kabla ya dozi inayofuata

Gramu 5 za msuli hutolewa kila baada ya saa 4, kwa kubadilisha tako, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililotokea baadaye. Kila mara pima kwanza kama dawa haijazidi mwilini: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, usichome, mwite daktari. Pumzi zikikata, anza kumpumulisha mara moja huku mwenzako akitoa kalsiamu gramu 1 kwenye mshipa polepole.

Akipata degedege tena dakika 15 au zaidi baada ya dozi ya kwanza, ongeza gramu 2 za mshipa, yaani mililita 10 za mchanganyiko wa asilimia 20, kwa dakika 5.

Mama aliyefika bila barua asichomwe kwa kukisia. Piga simu kituo alikotoka, muulize ndugu, tazama alama za sindano makalioni, gonga goti.

6. Dozi ikikosewa

Mhudumieni mama kwanza, na mwelezeni yeye na ndugu zake kilichotokea. Kisha kituo na wodi wakae pamoja na barua, faili na ampuli tupu mezani. Muulizeni kila mmoja alisoma nini na alisikia nini. Mkianza kwa kutafuta wa kumwandikia barua ya onyo, kosa linalofuata litafichwa, na lebo iliyowachanganya itaendelea kukaa kwenye sanduku.