Biashara ya pembeni inayokupandisha kazini: tunavyofanya huku Mtwara

Watu wengi huchagua biashara ya pembeni kwa kuangalia jirani anauza nini. Jirani akiuza vitenge, na wao vitenge. Akifungua belo la mitumba, na wao wanatafuta belo. Hela inaweza kupatikana, sikatai. Ila kama umeajiriwa na unataka kupanda, anza na swali jingine: kazini kwako ni kitu gani huruhusiwi kukigusa? Biashara yako iwe ndiyo mahali pa kukigusa, kwa hela yako, kwa kiwango kidogo ambacho hata ukipata hasara bado utalipa kodi ya nyumba.

Mimi nina stashahada ya uhasibu niliyoisomea hapa hapa Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), Kampasi ya Mtwara. Nimeajiriwa kama mhasibu msaidizi kwenye kampuni inayohifadhi na kusafirisha mazao. Kwa mujibu wa mkataba naingiza vocha, natunza majalada na nafukuzana na madereva wasiorudisha risiti. Kupanga bei, kusimamia mzigo, kuamua mteja gani akopeshwe: hayo ni ya wakubwa. Unaweza kukaa kwenye kiti hicho mpaka nywele zikaota mvi bila kuyajua. Ndiyo maana nikachagua kuuza korosho zilizokaangwa, bidhaa yenye bei inayopanda na kushuka, mzigo unaopungua uzito na wateja wanaotaka mali kauli.

Namfahamu dereva wa lori anayetaka siku moja kuwa msimamizi wa usafirishaji. Ana bodaboda mbili alizowapa vijana kwa hesabu ya kila siku. Anajifunza matengenezo, ratiba, na zaidi ya yote anajifunza visingizio. Hiyo ni shule. Angefungua duka la vipodozi angepata faida labda, lakini kwenye usaili asingekuwa na la kusema.

Kabla hujanunua chochote

Soma mkataba wako wa ajira. Ipo mikataba inayokukataza kufanya kazi nyingine bila idhini ya maandishi, na ipo isiyosema kitu. Ukiona kifungu hicho, omba idhini kwa barua, ubaki na nakala. Mtumishi wa umma ndiyo kabisa: muda wa ofisi, mashine ya kudurufu ya ofisi na gari la ofisi si vyako, na usiuze kitu kwa mtu ambaye jalada lake liko mezani kwako. Mimi siuzi korosho kwa mteja yeyote wa kampuni yetu, hata akiomba. Anadhani namnyima. Namlinda, na najilinda.

Halafu kuna hili la hapa kwetu, na nalisema wazi kwa sababu kila msimu vijana wenye mishahara hujaribiwa: usifanye kangomba, yaani kununua korosho ghafi kwa mkulima nje ya mfumo rasmi. Korosho ghafi hupita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ghala na mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Kumfuata mkulima mwenye shida nyumbani kwake na kumnunulia kwa bei ya kutupa ni kumnyonya, na ni kesi. Wenye kumbukumbu watakwambia mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, waliopeleka mzigo mkubwa walitakiwa waonyeshe na shamba. Mhasibu aliyeingia kwenye kangomba ataeleza nini akiulizwa uadilifu wake?

Mtaji uutoe kwenye mshahara kidogo kidogo. Mkopo wa kausha damu hauna nafasi hapa. Kama mko kikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize masharti. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, haina malipo, kwa hiyo usimlipe mtu anayekaa nje na kompyuta mpakato akikwambia "nikusaidie". Kwa chakula cha kufungasha, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, mapema. Wao ndio watakaokuelekeza mafunzo ya usindikaji na njia ya kufika TBS, shirika la viwango.

Hesabu ya mfuko mmoja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo biashara inapogeuka kuwa mafunzo ya kazi.

Sinunui ghafi. Nachukua zilizobanguliwa kwa kikundi cha akina mama wa Mikindani. Ukiwakuta kazini utaelewa kwa nini korosho nyeupe, nzima, si bei rahisi: ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo wanapaka majivu au mafuta ya kupikia mikononi kwanza, wanabangua moja moja, wanakausha, ndipo wanamenya lile ganda jembamba la ndani bila kuivunja. Mwishoni wanachambua: nzima huku, nusu huku, vipande kule. Kila fungu na bei yake.

Tuchukue mfano. Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo usiinukuu. Kilo 10 za nzima kwa shilingi 20,000 kila kilo ni 200,000. Mkaa 5,000, chumvi 500, nauli ya Mikindani na kusambaza madukani 6,000. Ukikaanga, unyevu unatoka. Tuseme zimebaki kilo tisa na nusu. Mifuko ya gramu 50 inatoka 190, na mfuko pamoja na lebo ni shilingi 150, jumla 28,500. Umetumia 240,000. Gawanya kwa 190: kila mfuko umekugharimu kama 1,263. Duka linachukua kwa 1,600, kwa hiyo mauzo ni 304,000 na faida 64,000.

Karatasi hiyo nilimpelekea babu mmoja wa Chikongola aliyestaafu ukarani wa ushirika. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari, akauliza, "Na mkaangaji analipwa na nani?" Weka 20,000 ya mkaangaji, hata kama mkaangaji ni wewe, na faida inashuka hadi 44,000. Kisha akauliza duka linalipa lini. Kama linalipa baada ya wiki tatu, basi hiyo 44,000 ni ya kwenye daftari tu, na wewe huna hela ya kuchukua mzigo mwingine.

Maswali hayo mawili yana majina marefu kwenye vitabu vya NBAA, bodi ya wahasibu. Nilikuwa nimeyasoma na kuyajibu kwenye mitihani. Ila gharama ya nguvukazi na mzunguko wa fedha ukivisikia kwa mzee aliyeshika karatasi yenye hela yako, havisahauliki tena.

Kumpata mlezi wa kikazi

Sikuwahi kumwambia babu "naomba uwe menta wangu." Mtu mzima ukimwambia hivyo unamtwisha mzigo asioujua uzito wake, atakujibu "Inshallah" na mtaishia hapo. Nenda na jambo dogo lililoandikwa, linalojibika ndani ya kikombe kimoja cha kahawa. Mimi huenda baada ya swala ya alasiri, akiwa barazani. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Kikaratasi kiko wapi?" Swali moja, jibu, nashukuru, naondoka. Nikirudi, naanza na kumweleza nilichofanya na jibu la safari iliyopita. Mzee akiona ushauri wake umefanyiwa kazi, safari nyingine yeye ndiye atakayekuulizia.

Uwe na wawili kama unaweza. Mmoja awe yuko kwenye biashara ile ile, hatua chache mbele yako. Kwangu ni mama kiongozi wa kile kikundi cha Mikindani. Ndiye aliyenifundisha kujua korosho iliyokaushwa vibaya kwa kuivunja na kusikiliza mlio, na ndiye aliyenitaka ninunue mashine ya kuziba mifuko kabla ya kitu kingine, maana kwa hewa ya bahari hii korosho iliyofungwa kwa fundo inalegea upesi. Wa pili awe nje ya ofisi yako lakini anazijua ofisi. Bosi wako wa moja kwa moja mwache awe bosi. Siku ukitaka ushauri kuhusu bosi utampelekea nani?

Kwa dada zangu, neno la ziada. Mlezi wa kweli haoni tabu kukutana nawe barazani, mkewe akipita na kukukaribisha chai. Anayetaka mkutane hotelini jioni "tuongee kuhusu maisha yako" ana biashara yake nyingine. Rushwa ya ngono imewakwamisha wengi wenye vyeti vizuri. Ondoka mapema, na usijihisi huna adabu.

Kuhusu zawadi: usimpe hela, utaharibu. Kilo ya sukari, au pakiti ya vipande ambavyo duka halichukui, inatosha.

Kukirudisha ulichojifunza ofisini

Hapa ndipo wengi wanakwama. Wanapata uzoefu pembeni na unabaki pembeni.

Kwenye kukaanga nilizoea kuandika kilo zilizoingia na kilo zilizotoka, na sababu ya tofauti. Msimu ulipofika ofisini, nikaanza kuitazama tofauti ya ghalani kwa jicho jingine. Kilo za kupokea na kilo za kutoa hazikuwa zikilingana, jambo la kawaida kwa korosho, lakini tofauti yote iliandikwa mstari mmoja: unyevu uliokauka, magunia yaliyochanika, na pengine mikono ya watu. Nikatengeneza jedwali la ukurasa mmoja linalotenganisha sababu.

Babu alinizuia kulipeleka kwa meneja. "Mpe mkuu wako wa uhasibu kwanza. Mwache alipeleke yeye, jina lako liwe chini." Roho iliniuma, nakiri. Lakini mkuu wangu alipolipeleka aliulizwa maswali asiyoweza kuyajibu, akaniita. Msimu uliofuata nikapangiwa kumbukumbu za mzigo ghalani, cheo kile kile, mshahara ule ule. Cheo kilikuja baadaye, kazi ikiwa tayari naifanya. Usisubiri kinyume chake.

Ukiandika wasifu wa kazi, usiandike "mjasiriamali". Neno hilo limechoka. Andika ulichosimamia: umenunua nini, unatunza kumbukumbu gani, umepunguza hasara wapi. Kwenye usaili wa mdomo, hata ule wa Sekretarieti ya Ajira, ukiulizwa "eleza ulivyotatua tatizo la hesabu" uwe na mfano wenye namba. Na mlezi wako akikubali, mweke kati ya wadhamini wako. Mwarifu kabla, asije akapigiwa simu akauliza, "Huyo ni nani?"

Muda

Kusini tuna kalenda yetu. Ufuta unaanza kusogea kwenye maghala kuanzia Juni hivi, mbaazi zinafuata, korosho zinashika Oktoba mpaka mwaka mpya. Mitihani ya NBAA ina awamu ya Mei na awamu ya Novemba. Novemba ofisi hailali, na pesa ya korosho ikiingia mitaani kila mtu ana harusi, kila mtu ana ngoma, kwa hiyo biashara nayo inachanganya. Mimi nafanya mtihani Mei. Novemba nauza.

Nakaanga Jumamosi asubuhi, nasambaza jioni. Jumapili usiku nalinganisha mifuko iliyobaki, daftari na taarifa ya simu ya laini ya biashara, ambayo ni laini tofauti na ile ya mama kunitumia salamu. Siku za kazi simu hiyo iko kimya ndani ya mkoba. Mteja anayetaka korosho saa nne asubuhi Jumatano anaelekezwa dukani.

Siku hizi naulizwa nitaacha kazi lini. Hesabu yake ni ya ukurasa mmoja pia. Chukua faida ya biashara ukiwa umeshamlipa mkaangaji, toa mchango wa NSSF ambao mwajiri anauweka juu ya ule unaokatwa wewe, toa bima ya afya, kisha linganisha na mshahara, kwa miezi yote, Machi na Aprili ikiwamo, wakati mitaa ya Mtwara haina hela na duka linarudisha mifuko. Yangu bado haijafika. Nimempelekea babu, amekubaliana nami, akasema nijaribu kwanza Lindi mjini duka moja, tuone nauli inasemaje.