SOMO: Kuchagua miwani ya theluji na lenzi zake

Wakuu, kila Novemba inboksi yangu inajaa swali moja: "Ninunue miwani gani ya kutelezea?" Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Mimi niko Calgary, Kanada, nateleza kwenye milima ya Lake Louise na Sunshine, msimu wa sita huu.

Hatua ya 1. Nenda dukani na helmeti yako. Vaa vyote viwili. Paji la uso likibaki wazi katikati, jaribu nyingine.

Hatua ya 2. Sponji iguse ngozi pande zote. Wengi wetu mgongo wa pua uko chini, na fremu za kawaida huacha mwanya hapo. Ulizia zilizotengenezwa kwa pua za hivyo, zipo.

Hatua ya 3. Lenzi iwe ya tabaka mbili zenye hewa katikati, la sivyo itashika ukungu. Iandikwe UV400, yaani inazuia miale ya UV ya jua, ile inayounguza macho.

Hatua ya 4. Kiza cha lenzi. Hapa someni taratibu.

Lenzi hupangwa kwa madaraja (herufi S na namba), kwa kiasi cha mwanga inachopitisha. S1 hupitisha asilimia 43 hadi 80, S2 ni 18 hadi 43, S3 ni 8 hadi 18, S4 ni 3 hadi 8. Msimu wangu wa kwanza nilinunua S3 moja tu, nyeusi, kwa sababu siku ile jua lilikuwa kali. Wiki iliyofuata nilipanda Lake Louise asubuhi kweupe, saa nane mchana mawingu yakashuka. Juu kule ambako miti haioti tena, theluji na anga vilikuwa rangi moja, hakuna kivuli hata kimoja. Nilichokiona ni ncha za ski zangu tu, vile vibao vya kutelezea. Nilidhani nimesimama, kumbe bado nashuka, mpaka ardhi ikaniishia miguuni. Kifundo cha mkono kilivunjika, wiki sita kwenye plasta.

Kwa hiyo: nunua KWANZA lenzi ya siku ya mawingu, S1 ya waridi au manjano. Ya jua, S3, iwe ya pili. Usidanganywe na rangi inayong'aa kwa nje, haikuambii mwanga unaopita; soma namba. Wala usiogope kwamba lenzi nyepesi itakuunguza macho. Kinga ya UV haitokani na weusi, na miale hupenya mawingu. Theluji mpya peke yake hurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni kwako.

Lenzi za sumaku hubadilishwa bila kuvua glavu. Hakikisha imenasa pande zote mbili kabla ya kushuka, upepo hauna huruma.

Hatua ya 5. Lenzi ya akiba ikae kwenye mfuko laini, ndani ya koti.

MASWALI

Chalii_wa_Moshi: Mkuu, kwa hiyo nichukue rangi gani?
— Hatua ya 4.

Mama Neema: Mwanangu, mimi navaa miwani ya macho. Nitafanyaje?
— Shikamoo mama. Zipo fremu pana zenye nafasi ya miwani ndani, na sponji iliyochongwa pembeni kupisha mikono yake. Nenda na miwani yako, uvae yote, ugeuze kichwa. Ikigusa lenzi, kataa. Halafu ukipumzika usiipandishe kwenye paji la uso. Jasho la hapo ndilo linaloleta ukungu.

Baharia77: Yangu nimeifuta ndani kwa glavu, sasa ina mikwaruzo. Umetupendekezea feki.
— Sijapendekeza kampuni yoyote, soma tena. Si feki. Ule utando wa ndani wa kuzuia ukungu ni laini ukiwa umelowa. Kung'uta theluji, iache ikauke, kisha gusagusa kwa kitambaa chake. Usisugue.

Binti_Tanga: Vipi zile zinazobadilika zenyewe kwa jua? Si zinamaliza tatizo?
— Swali zuri sana, dada. Zinasaidia, lakini kwenye baridi huwa nyeusi zaidi na huchelewa kurudi kuwa nyepesi. Ukitoka juani ukaingia msituni, kwa muda utakuwa gizani. Kwa anayeshuka polepole zinafaa.

Mpagazi_Mstaafu: Kwa wageni wetu Kilimanjaro wanahitaji hizi?
— Hapana, kaka. Miwani ya jua ya daraja la 3 au 4 inayofunika pembeni inatosha. Kosa lao ni kuiacha kambini kwa kuwa wanaondoka usiku wa manane. Jua linawakuta karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895, na theluji ikiwepo macho yanaungua bila wao kujua. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, kama mchanga machoni.

Mpagazi_Mstaafu: Kweli kabisa. Mimi nilikuwa nawakagua mifukoni kabla ya kuondoka kambi ya Barafu.
— Na ya daraja la 4 waivue wakifika kwenye gari, hairuhusiwi kuendeshea.